Pazia Lisipofunguka

Barabara ya Kisumu na ile ya Eldoret hukutana Mau Summit, zikawa moja. Anayetoka Butere, Kakamega, Kitale au Kisumu akienda Nakuru huteremka mteremko mrefu wa Sachangwan, akapita Salgaa penye malori yaliyoegeshwa kandokando, ndipo akaingia mjini. Kwa Wakenya wengi jina la Sachangwan limebeba jambo moja: lori la mafuta lililopinduka tarehe 31 Januari 2009, likashika moto na kuua zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wamekimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika. Msiba ule hausahauliki, wala haufai kusahaulika. Lakini barabara ni hiyohiyo inayopitisha pia furaha za watu, na tamasha la taifa la maigizo ya shule likiwa Nakuru, mteremko huo hupitisha nyimbo.

Mabasi ya shule hayapiti kimya. Mwalimu amesimama katikati ya viti, mkono mmoja umeshika chuma cha juu, wa pili unahesabu mapigo. Maleba yamefungwa kwenye mashuka, ngoma zimelazwa kiti cha nyuma. Kipande kimoja cha wimbo kinarudiwa mara ya sita kwa sababu sauti ya pili inachelewa kuingia. Msichana anayeongoza amekatazwa kabisa kuimba, asije akakaukiwa na koo kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo anasogeza midomo tu. Abiria wa matatu inayopita hugeuza shingo. Hawatafika ukumbini, wala hawatajua shule ile ilitoka nambari ngapi, lakini wameshaona sehemu ya onyesho ambayo waamuzi hawaioni.

Sehemu hiyo, ya jasho na kurudia na kugombana na kupatana, imezaa aina nzima ya filamu na tamthilia za muziki. Ni hadithi za watu wanaotayarisha onyesho. Wahusika wake ni waimbaji, wacheza densi, mwelekezi mkali na mwenye pesa anayetishia kuziondoa. Nyimbo zake nyingi huimbwa mazoezini. Na swali linalomkalisha mtazamaji kitini ni moja tu: je, pazia litafunguka?

Mfano mkongwe ni 42nd Street, filamu ya mwaka 1933 kutoka kampuni ya Warner Bros. Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, mamilioni hawana kazi, na filamu ikawaonyesha watu waliojua kwamba onyesho lao likianguka, hakuna wa kula. Peggy Sawyer ni msichana mgeni mjini anayepata nafasi katika kundi la wachezaji wa nyuma. Usiku wa kuamkia onyesho, nyota wa mchezo anaumia kifundo cha mguu. Mwelekezi, Julian Marsh, mgonjwa na aliyefilisika, hana mwingine ila huyu msichana. Anamfanyisha mazoezi mpaka magoti yanamlegea. Peggy anaingia jukwaani hajulikani, anatoka nyota.

Msimulie mtu wa Molo au Njoro mwanzo wa hadithi hiyo, mtu ambaye hajapata kulisikia jina la filamu, na huenda akakumalizia mwisho wake. Hivyo ndivyo kazi hizi kongwe zinavyoishi. Filamu yenyewe hufifia, majina ya waigizaji hupotea, lakini mfupa wa hadithi hubaki: mgeni kutoka kijijini, nyota aliyeumia, usiku wa kufa kupona. Umeingia katika katuni, katika matangazo ya biashara, katika tamthilia za runinga. Umeingia hata katika mashindano ya kuimba. Tusker Project Fame ilipoanza mwaka 2006, vijana wa Afrika Mashariki walifungiwa katika chuo cha muziki, na watazamaji wakawa wanawaona wakifundishwa, wakikosea, wakilia na kurudia, siku kadhaa kabla ya kuwaona jukwaani. Mshindi wa kwanza, Valerie Kimani wa Kenya, alikuwa ameshafahamika majumbani kama binti wa jirani. Alpha Rwirangira wa Rwanda alipotwaa ushindi mwaka 2009, na Ruth Matete mwaka 2012, watu walishangilia safari waliyoifuatilia kwa wiki nyingi. Ilikuwa 42nd Street iliyogawanywa vipindi.

Filamu ile iligeuzwa kuwa tamthilia ya jukwaani, ikafunguliwa Broadway, New York, tarehe 25 Agosti 1980. Mwelekezi wake, Gower Champion, alifariki siku hiyohiyo kabla ya onyesho. Mwenye mchezo, David Merrick, aliificha habari hiyo. Waigizaji walicheza na kuimba hadi mwisho, makofi yakavuma, na ndipo Merrick alipojitokeza jukwaani na kutangaza msiba, baadhi ya waigizaji wakiusikia kwa mara ya kwanza pamoja na watazamaji. Onyesho hilo liliendelea hadi 1989, likachezwa mara 3,486. Wapenzi wa tamthilia huusimulia usiku huo wa kwanza kuliko wanavyosimulia nyimbo zake, na sababu inaeleweka: kilichotokea nyuma ya pazia kiliupita kwa uzito mchezo uliokuwa mbele yake.

Nyingine inayokumbukwa duniani kote ni Singin' in the Rain ya mwaka 1952. Taja filamu hiyo, na watu wataiona picha moja: Gene Kelly akicheza densi barabarani mvua ikinyesha, mwavuli umefungwa mkononi. Wachache watakumbuka kwamba hadithi yenyewe ni ya nyota wa filamu bubu mwenye sauti mbaya, na msichana anayefichwa nyuma ya pazia aimbe kwa niaba yake, mpaka pazia linapovutwa na ukweli ukaanikwa. Nayo A Star Is Born imetengenezwa mara nne, 1937, 1954, 1976 na 2018, kila kizazi kikitaka kumwona tena msichana anayepanda na mwanamume anayeshuka.

Lakini huku kwetu hadithi ya nyuma ya pazia ina jina moja linalopita mengine yote, na jina hilo ni Sarafina!

Ni mara chache mtu wa Nairobi, Nakuru, Kampala au Dar es Salaam aliyezaliwa miaka ya themanini atakuambia hajaiona. Filamu hiyo ya mwaka 1992, iliyoelekezwa na Darrell Roodt, iliingia sebuleni kupitia runinga, ikazunguka kwa kanda za video, ikaonyeshwa katika mabwalo ya shule Jumamosi usiku. Hurudi kila mwaka inapokaribia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Kenya yenyewe, mwaka huohuo wa 1992, ilikuwa inaelekea uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Wengi waliitazama wakihisi kwamba habari hiyo haiko mbali.

Muulize mtu anakumbuka nini. Atakutajia sare za shule zikicheza vumbini, askari na mbwa, mwalimu wao aliyechezwa na Whoopi Goldberg, Miriam Makeba akiwa mama mfanyakazi katika nyumba ya Wazungu. Ataimba kidogo. Kitu kimoja mara nyingi hakitaji, nacho ndicho uti wa mgongo wa hadithi nzima: Sarafina na wenzake wanatayarisha tamasha la shule. Swali la darasa lao ni onyesho la mwaka huu liwe juu ya nini. Sarafina anapendekeza kuachiliwa kwa Nelson Mandela, wakati ambao Mandela bado yuko gerezani na si jambo la kutamkwa ovyo. Wanaanza mazoezi. Mwalimu wao, Mary Masombuka, anakamatwa na hatarudi. Sarafina mwenyewe anafungwa na kuteswa. Na tamasha, baada ya yote hayo, linafanyika, Sarafina akiwa amevaa kama Mandela.

Weka hadithi hiyo kando ya ile ya 1933. Kuna kundi la vijana, kuna mwelekezi, kuna msichana wa kawaida anayebeba mzigo wa onyesho lote. Tofauti ni kile kinachotishia pazia. New York ni pesa na kifundo cha mguu. Soweto ni bunduki. Ndiyo sababu Sarafina! imekaa ndani ya watu wetu kuliko filamu yoyote ya Hollywood ya aina yake.

Mtunzi wake, Mbongeni Ngema, alikuwa ameshaipandisha jukwaani Johannesburg, katika ukumbi wa Market Theatre, mwaka 1987. Alikusanya vijana kutoka vitongoji vya Waafrika, wengi wao hawajawahi kuigiza popote, akawafundisha kuimba, kucheza na kusimama. Mmoja wao alikuwa Leleti Khumalo, binti wa KwaMashu, Durban. Kundi likasafiri hadi New York, likaingia Broadway Januari 1988, na mchezo ukachezwa mara 597. Khumalo, ambaye hakuwa hata na miaka 20, aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony. Filamu ya kumbukumbu, Voices of Sarafina!, ilitengenezwa juu ya vijana hao wenyewe. Mtu akitaka Peggy Sawyer wa kweli, aliyetoka kitongojini kwao na kusimama kwenye jukwaa kubwa kuliko yote, ndiye huyo.

Afrika Mashariki na Kati nayo imezitunga za kwake. Mwaka 1987 Papa Wemba alicheza katika La Vie est belle, filamu iliyoelekezwa na Ngangura Mweze na Benoît Lamy, akiwa mwanamuziki maskini anayeingia Kinshasa akiwa na ndoto ya kuimba mbele ya watu. Mwaka 2012 David "Tosh" Gitonga alitoa Nairobi Half Life, na Joseph Wairimu akawa Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu na kuwaigizia wateja wake vipande vyake, kisha anapanda gari kwenda Nairobi kutafuta jukwaa. Anaibiwa siku ya kwanza. Anaishia kuwa mwizi mchana na mwigizaji wa mazoezini jioni. Filamu hiyo si ya nyimbo, lakini mfupa ni uleule, na ilikuwa ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Kijana yeyote wa Bonde la Ufa aliyewahi kusimama kando ya barabara na mkoba mmoja akisubiri basi la Nairobi hahitaji kufafanuliwa Mwas ni nani.

Hizo ni za kutungwa. Kenya ina moja iliyotokea kweli, na haina budi kusimuliwa polepole.

Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walifanya mazoezi ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwelekezi alikuwa Kimani Gecau. Waigizaji walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda, akina mama wa kijiji. Ukumbi waliujenga wenyewe, wa wazi, wenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Na mazoezi hayakufichwa. Kila aliyetaka alikuja, akakaa, akasikiliza, akasema pale asipoona ukweli. Ngũgĩ alieleza baadaye katika kitabu chake Decolonising the Mind jinsi walivyotaka kuweka ndani ya mchezo gĩtiiro, majibizano ya nyimbo ya sherehe za Kikuyu, wakajikuta hawayajui vizuri. Aliyewaongoza, neno baada ya neno, alikuwa mama wa kijiji asiyejua kusoma. Wasomi wa chuo kikuu walikaa chini wakafundishwa. Siku ya kufungua ilipofika, tarehe 2 Oktoba 1977, wako watazamaji walioyajua maneno ya karibu wahusika wote.

Tamthilia ilipigwa marufuku kabla mwezi wa Novemba kwisha. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978 bila kufunguliwa mashtaka.

Kijiji hakikuvunjika moyo. Walitayarisha tamthilia ya pili, Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie. Hii ilikuwa ya nyimbo hasa, na nyimbo zenyewe zilitoka katika lugha kadhaa za Kenya. Ilihusu miaka ya ukoloni, kodi, kazi ya shuruti na kipande, kile kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukivaa shingoni. Watu wa Nakuru wasingehitaji maelezo. Mashamba ya Molo, Njoro na Elburgon yalikuwa katikati ya ardhi iliyotengewa Wazungu, na familia nyingi zilizoko huko leo, za Wakikuyu, Wakalenjin na wengine, zinaweza kukusimulia babu aliyefanya kazi shambani mwa mlowezi huku kipande kikining'inia kifuani.

Maitũ Njugĩra ilipaswa kufunguliwa katika Jumba la Sanaa la Taifa, Nairobi, tarehe 19 Februari 1982. Kibali hakikutolewa. Waigizaji walifika wakakuta milango imefungwa. Wakarudi walikokuwa wakifanyia mazoezi, ukumbi wa pili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaendelea kufanya mazoezi, maana mazoezi hayakuhitaji kibali. Watu wakaja kuyatazama. Wakaja kwa mamia, kisha kwa maelfu, usiku baada ya usiku, ukumbi ukajaa hadi pasiwe pa kukanyaga. Hakukuwa na tiketi, hakukuwa na usiku wa kufungua. Baada ya siku chache amri ikaja: mazoezi nayo yakome. Tarehe 12 Machi 1982 polisi walikwenda Kamĩrĩĩthũ na kuubomoa ukumbi uliojengwa na wanakijiji.

Kwa hiyo tamthilia kubwa ya nyimbo katika historia ya Kenya haikuwahi kufunguliwa rasmi nchini mwake. Wote walioiona waliona mazoezi. Waliowasikia akina mama na vijana wale wakiimba kwa lugha zao waliwasikia wakiwa bado "hawajaanza". Waandishi wa Hollywood walitunga hadithi ambamo kila kitu kinaelekea kwenye pazia kufunguka. Huku kwetu pazia lilifungwa kwa kufuli, na mazoezi yakawa ndiyo onyesho. Ndiyo maana kumbukumbu ya Maitũ Njugĩra ina ladha tofauti na ya tamthilia nyingine yoyote. Hakuna picha ya waigizaji wakiinama mbele ya makofi ya usiku wa kwanza. Iliyopo ni watu waliokaa sakafuni na kwenye ngazi, wakitazama kitu ambacho kesho yake kingeweza kutokuwapo.

Waliokiongoza kikundi walitawanyika. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kimani Gecau walikwenda Zimbabwe. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda ughaibuni akabaki huko, na hakukanyaga Kenya tena hadi 2004. Mahali pa ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ pakawa chuo cha ufundi. Ilimbidi Mkenya asubiri hadi Mei 2022 kuiona Ngaahika Ndeenda katika jumba lilelile la taifa, ikichezwa kwa Kikuyu na kwa Kiingereza na Nairobi Performing Arts Studio chini ya Stuart Nash. Studio hiyo ilikuwa imeshaicheza Sarafina! kwenye jukwaa hilohilo, na mtazamaji aliyeziona zote mbili ameona ndugu wawili.

Miaka 43 baada ya milango ile ya Nairobi kufungwa, hadithi ilihamia Nakuru.

Aprili 2025 tamasha la taifa la maigizo na filamu lilifanyika Kaunti ya Nakuru. Tamasha hilo lina historia ndefu, lilianza mwaka 1959, na kwa maelfu ya Wakenya ndilo jukwaa la kwanza na la mwisho walilowahi kulipanda. Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na tamthilia iitwayo Echoes of War, iliyoandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Malala na Butere walikuwa wameshapita njia hiyo: mwaka 2013 tamthilia yao Shackles of Doom ilizuiwa, na Mahakama Kuu ikaamuru iruhusiwe. Safari hii tena tamthilia, inayowahusu vijana katika ufalme wa kubuni, ilizuiwa njiani, na Mahakama Kuu tena ikaamuru ichezwe katika tamasha la taifa.

Wasichana walifikia Shule ya Wasichana ya Kirobon. Jioni ya tarehe 9 Aprili, Malala alikuwa akienda kuwaona wafanye mazoezi ya mwisho. Alikamatwa kabla ya kuwafikia, akapelekwa kituo cha polisi cha Eldama Ravine, akaachiliwa siku iliyofuata. Asubuhi ya tarehe 10 wasichana walipelekwa ukumbini bila Malala, mwelekezi wao. Walikuta hakuna watazamaji, hakuna vyombo vya sauti, hakuna mandhari ya jukwaa. Nje, polisi walifyatua gesi ya kutoa machozi kuwatawanya watu na wanahabari. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakatoka. Hawakucheza.

Wapo waliosema wanafunzi hawafai kuingizwa katika siasa za watu wazima, na hoja hiyo inastahili kusikilizwa na kila mzazi. Lakini kuna jambo ambalo haliwezi kupingwa na upande wowote. Watoto wale walikuwa wamejifunza maneno yao, nyimbo zao, hatua zao, kwa miezi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wao walitunzwa moshi. Na wimbo mmoja waliouimba, wimbo ambao kila mtoto wa Kenya anaujua tangu chekechea, ndio ulioonekana usiku huo kwenye kila simu nchini. Aliyeikumbuka Sarafina! siku hiyo, mwalimu akichukuliwa na wanafunzi wakibaki na maleba yao mikononi, hakuhitaji kuelekezwa na mtu. Watu waliitaja wenyewe.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, wiki saba tu baada ya siku hiyo ya Nakuru.

Linalosikitisha ni jinsi tulivyo na akiba ndogo ya kumbukumbu hizi. Warner Bros. inayo filamu yake ya 1933, safi, na mjukuu wa mjukuu ataweza kuitazama. Sarafina! ipo. Lakini tamthilia zilizoshinda matamasha yetu ya shule kwa zaidi ya miaka 60 ziko wapi? Nyingi ni karatasi zilizopigwa chapa, zilizosahauliwa katika droo ya mwalimu aliyekwisha kustaafu. Densi zilizowainua watu vitini zimebaki katika miguu ya wanawake ambao sasa wana wajukuu. Vikundi vinavyozunguka shuleni vikiigiza vitabu vya mtihani, kuanzia Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia hadi Kigogo cha Pauline Kea na Bembea ya Maisha cha Timothy Arege, husafiri barabara hii ya Sachangwan na Salgaa kila muhula, hubadili nguo nyuma ya madarasa, hucheza mara mbili kwa siku, na hakuna anayewapiga picha ya maana. Wao pia wana akina Peggy Sawyer wao: kijana wa kubeba taa anayelazimika kumcheza mhusika mkuu kwa sababu mwenzake ameamka bila sauti.

Siku hizi simu iko mkononi mwa kila mtu, na kurekodi hakugharimu chochote. Mwalimu wa maigizo anaweza kuanza na mazoezi ya jioni, pale bwaloni, kabla ya maleba kushonwa, sauti ya pili ikiwa bado inachelewa. Mkuu wa shule anaweza kutenga rafu moja ya maktaba kwa miswada ya tamthilia zilizotungwa shuleni kwake, ikiwa na majina ya waliocheza na mwaka. Kaunti ya Nakuru, ambayo mji wake mkuu ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, inaweza kuzipatia kumbukumbu hizo chumba kimoja.

Na kuna wito mwingine ambao haungoji serikali wala shule. Aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka 20 mwezi ule wa Februari 1982, akajipenyeza katika ukumbi uliojaa kutazama mazoezi ya Maitũ Njugĩra, sasa ana zaidi ya miaka 60. Wengine wao walirudi kuwa walimu, mawakili na wakulima, wako Limuru, wako Nakuru, wako Molo. Kama wewe ni mmoja wao, au mama yako ni mmoja wao, mketishe mtoto mbele yako jioni moja na simu iwe inarekodi. Mweleze ulikaa wapi. Kisha mwimbie wimbo wowote unaoukumbuka.